Joto Lifike Mpaka Kwenye Maungio

Vyandarua vyenye dawa vilipoanza kutumika katika vijiji vya Tanzania miaka ya 1990, wenyeji wengi walivifurahia kwa sababu iliyozidi mbu. Kunguni waliisha. Dawa iliyotiwa kwenye nyuzi kwa ajili ya mbu wa malaria iliwaua pia wadudu waliokuwa wakitambaa juu ya chandarua usiku kumfuata mlalaji, na nyumba zilizozoea kukesha zikijikuna zikapata usingizi. Watafiti waliokuwa Bagamoyo waliliandika jambo hilo mwaka 1999. Mwaka 2002 ukachapishwa utafiti mwingine, huu wa kaskazini mashariki mwa nchi, nao ukaja na habari tofauti: kunguni walikuwa wamerudi katika nyumba zilezile zenye vyandarua, na walipopimwa wakaonekana hawafi tena kirahisi kwa dawa za kundi la pairethroidi, yaani zile zinazoiga sumu ya ua la pareto. Dawa nyingi za kupulizia zilizopo madukani ni za kundi hilohilo.

Mambo haya yalishatokea kabla. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, DDT ilisifiwa kuwa ndiyo mwisho wa kunguni. Mwaka 1947, katika mabweni ya wanamaji huko Pearl Harbor, Hawaii, wakaonekana kunguni wasiokufa kwa DDT. Kila sumu iliyofuata imepita njia hiyo: inaua wengi, inawaacha wachache wenye kustahimili, na wachache hao ndio wanaozaa. Mtu anayenunua kichupa kisicho na lebo mtaani, akapuliza Jumatatu na kuumwa Alhamisi, huenda anapambana na mdudu ambaye wazazi wake walishapita katika sumu ile wakatoka hai.

Joto ni jambo jingine. Kunguni anapopashwa kupita kiasi, protini za mwili wake huvurugika na maji yake humtoka. Si sumu ya kuzoeleka kizazi hadi kizazi. Mwenye kustahimili DDT na asiyestahimili hufa katika maji yaleyale yanayotokota, na mayai yao pia.

Bibi zetu walilijua hili. Birika la maji ya moto lililomwagwa juu ya kitanda uani na godoro lililoegemezwa ukutani jua la saa sita lilikuwa tiba ya kila nyumba, na mimi naamini silaha waliyoichagua ilikuwa sahihi. Kilichokosekana, na kinachokosekana mpaka leo, ni kuhakikisha kwamba joto limefika hasa pale mdudu alipo, na limekaa muda wa kutosha kumwua. Maji yanayotokota kwenye birika hayasaidii kitu ikiwa yamefika kwenye tundu la ubao yakiwa vuguvugu. Kazi yote ya sura hii imo katika hilo.

Anapolala

Kabla hujawasha moto, fungua kitanda. Chukua kitanda cha kawaida cha mbao kilichochongwa na fundi wa mtaani: matendegu manne, mifumbati miwili, ubao wa mchagoni, ubao wa miguuni, na chaga za kubebea godoro. Toa godoro. Ng'oa chaga moja moja. Legeza nati, vuta mfumbati utoke kwenye tendegu la mchagoni, kisha mulika tundu kwa tochi ya simu.

Utaona madoa meusi yaliyonywewa na mbao, mengine yamesambaa pembeni pale kitu kilipokwangua. Hicho ni kinyesi, yaani damu yako iliyokwisha kusagwa tumboni. Karibu yake kuna magamba matupu ya rangi ya kahawia, mepesi, yanapeperuka ukiyapulizia. Chomeka kona ya kadi ya vocha kwenye ufa, uivute taratibu, nao watatoka: wakubwa bapa, wekundu wa kahawia, wa milimita 5 hadi 7, wachanga wadogo wenye rangi hafifu kiasi kwamba damu waliyonyonya inaonekana ndani ya tumbo. Tazama tena, karibu zaidi. Ndani ya tundu kuna vitu vyeupe vya urefu wa milimita 1 vilivyogandishwa kwenye mbao. Hayo ni mayai. Hayapukutiki ukikigonga kitanda chini, na wala hayaoshwi kwa maji ya bomba.

Hesabu ya uzazi wake inafaa kukumbukwa, kwa sababu ratiba yote ya kazi inatoka humo. Jike aliyeshiba hutaga yai 1 hadi 5 kwa siku. Katika joto la vyumba vyetu, yai huanguliwa baada ya wiki moja au siku 10 hivi. Anayetoka humo hupita hatua 5 za kujivua gamba kabla ya kukomaa, na kila hatua lazima anyonye damu. Kila mlo humchukua dakika 5 hadi 10, kisha hurudi kwenye maungio na kukaa huko siku kadhaa. Kwa hiyo sehemu kubwa kabisa ya maisha yake hayuko kwenye ngozi yako wala kwenye shuka. Yuko kwenye tundu la mfumbati, kwenye mshono wa godoro, nyuma ya ubao wa mchagoni, chini ya sofa, kwenye ufa wa plasta.

Kuna aina mbili zinazotusumbua Afrika Mashariki, Cimex lectularius na Cimex hemipterus, na hii ya pili ndiyo mwenyeji wa nchi za joto. Joto linaziua zote mbili. Hakuna ushahidi kwamba kunguni humwambukiza mtu ugonjwa, lakini usingizi uliokatika wiki baada ya wiki, mikono ya mtoto iliyojaa vidonda vya kujikuna, na aibu ya kuogopa mgeni asikae kwenye kiti chako, hayo ni mateso yanayotosha. Tena ni aibu isiyo na msingi. Kunguni huvutwa na pumzi ya mtu na joto la mwili wake. Hachagui chumba kwa uchafu. Huingia na sofa iliyonunuliwa kwa mtu, na begi lililolala gesti, na tranka la mwanafunzi aliyefunga shule ya bweni. Mwaka 2023 Paris nzima ilihangaika naye, kwenye sinema na kwenye treni. Anayeficha kwa haya anawapa kunguni miezi ya kuzaana.

Nyuzi ngapi, dakika ngapi

Mwaka 2011 Stephen Kells na Michael Goblirsch wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walichapisha vipimo ambavyo wanaofanya kazi hii wanavitegemea mpaka leo. Waliwapasha kunguni joto polepole, kama chumba kinavyopashwa, wakatazama nani anakufa lini. Kwenye nyuzi 45 za Selsiasi, wakubwa walihitaji kama dakika 95 ili karibu wote wafe. Mayai kwenye nyuzi hizohizo 45 yalistahimili saa 7. Kwenye nyuzi 48 mayai yaliisha kwa dakika 72 hivi. Ili wafe papo hapo, wakubwa walihitaji nyuzi 48 na kidogo, mayai karibu nyuzi 55.

Tazama tofauti hiyo ya mayai na wakubwa. Ndiyo inayoeleza masikitiko ya nyumba nyingi. Joto la kubahatisha linawaua wanaotembea, unalala siku kadhaa bila kuumwa, unashukuru. Kisha mayai yaliyobaki yanaanguliwa na unasema dawa haifai, au umerogwa, au jirani kawaleta tena. Kanuni ninayoishauri ni hii: sehemu ya ndani kabisa ya kitu unachokitibu ifike nyuzi 55, au ikae juu ya nyuzi 50 kwa saa moja na nusu. Nasema ya ndani kabisa. Joto la juu ya kitambaa halihesabiki.

Kulipima si kazi ya maabara. Wafugaji wanaototolesha vifaranga kwa mashine hutumia kipimajoto kidogo cha kidijitali chenye waya mrefu na kihisio mwishoni, na kinapatikana kwenye maduka ya pembejeo za kuku. Kichomeke kihisio katikati ya furushi la nguo au chini ya godoro, ukae nje usome namba. Hicho kifaa kimoja kitakuokolea kazi nyingi za bure kuliko dawa yoyote utakayonunua, na ningependa kila mwenye nyumba ya kupangisha awe nacho.

Kwa kipimo hicho, jua la kuanikia godoro linaonekana lilivyo. Wengi wanaamini kwamba godoro likifungwa kwenye nailoni nyeusi na kulazwa juani, kunguni wote watakufa. Stephen Doggett na wenzake wa Australia walilijaribu hilo wakati wa kiangazi cha kwao na kuchapisha majibu mwaka 2006. Upande wa juu, unaotazama jua, ulipata joto kali. Upande wa chini wa godoro nene haukufikia joto la kuua, na wadudu wana miguu: panapowaka juu huhamia chini. Sponji iliyojaa hewa huzuia joto kupenya vilevile chupa ya chai inavyozuia joto lisitoke. Ukiligeuza godoro saa nane mchana, nao wanageuka.

Jua lina faida yake kwa vitu vyembamba. Mkeka uliotandazwa juu ya bati la moto, mito iliyopasuliwa na kumwagwa sufi yake kwa tabaka jembamba, foronya moja moja: hivyo joto linapita upande hadi upande kwa muda mfupi. Mwenye godoro la zamani la sufi anaweza kulifungua, akachemsha ganda lake na kuisambaza sufi yenyewe juu ya mabati siku nzima ya jua kali. Ni kazi ya kutimua vumbi, lakini inamaliza. Godoro la sponji lina unafuu tofauti. Kunguni hachimbi ndani ya sponji nzima. Hukaa kwenye mishono, kwenye mikunjo ya kitambaa, chini ya lebo, na kwenye matundu yaliyotobolewa. Vua ganda lake lichemshwe, kisha ushughulikie kingo za sponji kwa mvuke au pasi kama nitakavyoeleza.

Birika, pasi na pipa

Kitanda cha mbao ngumu kitolewe uani kwa vipande, si kikiwa kimeungwa. Kila kipande kiinamishwe ili tundu litazame juu na maji yaingie yatulie humo badala ya kuteleza. Chini tandika beseni la maji ya sabuni, maana wanaokimbia joto huanguka, na hapo wazame. Maji yatoke jikoni moja kwa moja yakiwa bado yanatokota. Mimina taratibu, mdomo wa birika ukiwa karibu na ubao, kwa sababu maji yanayoanguka toka juu hupoteza joto hewani, na ubao nao hunywa joto jingi kabla haujapata moto wenyewe. Tundu moja lijazwe, lisubiriwe kidogo, lijazwe tena. Waliopo Nairobi au nyanda nyingine za juu wasihofu kwamba maji yao huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 badala ya 100. Bado ni moto wa kutosha na ziada. Wanachotakiwa kuhofia ni watoto kucheza karibu. Maji haya humbabua mtu kwa sekunde moja.

Kitanda cha chuma, kama zile dabo deka za bweni, ndicho rahisi kuliko vyote, kwa kuwa chuma hupitisha joto upesi. Shida yake ni mabomba yaliyo wazi ndani. Mimina maji yanayotokota ndani ya kila bomba, kisha likishakauka ziba midomo yake. Tranka la bati lifanyiwe hivyohivyo kwenye kona na bawaba, na lifunguliwe nje, si chumbani.

Ubao wa plaiwudi, au wa unga wa mbao uliogandishwa, huvimba na kuharibika ukimwagiwa maji. Hapo, na kwenye godoro na sofa, mvuke ndio unaofaa. Mashine ndogo za kusafishia kwa mvuke zinauzwa mijini, na wanaozitumia vizuri huhakikisha kwamba mara tu mdomo wa mashine unapopita, uso wa kitambaa uwe na nyuzi 70 hadi 80. Hilo hutaka mwendo wa polepole sana, sentimita chache kila sekunde chache, na mdomo mpana. Kijimdomo chembamba chenye nguvu huwapeperusha wadudu wakatawanyika chumbani wakiwa hai. Asiye na mashine achukue pasi na kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa. Kilaze juu ya mshono, kandamiza pasi mpaka mvuke upenye, inua, sogea, kandamiza tena. Usiiburute, na usiiache ikitulia juu ya sponji. Sponji hushika moto na moshi wake ni sumu. Ukifika mwisho wa mshono, geuza godoro, anza upande wa pili.

Nguo na matandiko ndiyo sehemu ya kazi ambamo joto halina mshindani. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kufua kwa maji ya nyuzi 60 huua kila hatua, yai pamoja, na kwamba mashine ya kukaushia ikiwa kwenye joto kali hufanya hivyo kwa nusu saa. Kuloweka katika maji baridi siku nzima kuliwaua wanaotembea, mayai yalibaki. Wengi wetu tunafua kwa beseni, kwa hiyo tufanye hesabu ya beseni. Ndoo moja ya maji yanayotokota ikichanganywa na ndoo moja ya maji ya bomba ya nyuzi 27 hutoa nyuzi 63 hivi, na beseni na nguo zenyewe zikishakula joto lao utabaki chini ya 60. Changanya mbili za moto kwa moja ya baridi, utaanzia kwenye nyuzi 75. Ingiza nguo zikiwa kavu, zizamishe kwa mti wala si kwa mkono, funika kwa nailoni nzito na blanketi juu yake, uache nusu saa. Chomeka kile kipimajoto katikati. Kikishuka chini ya 55 mapema, ongeza maji.

Kwa wingi wa nguo, kama kwenye nyumba yenye wapangaji wengi au bweni, pipa ni bora kuliko beseni. Mwaka 1915 Serbia iliangamizwa na homa ya chawa, na madaktari wa jeshi la Uingereza waliopelekwa huko hawakuwa na mitambo ya kutosha ya kusafisha nguo za askari. Walichukua mapipa, wakayatoboa chini, wakayakalisha juu ya vyungu vya maji yanayochemka, wakafunika juu. Mvuke ukapanda ndani ya nguo na kuua chawa na mayai yao. Pipa la Serbia, kama lilivyokuja kuitwa, lilienea katika vita vile. Linaweza kutengenezwa uani leo: pipa la chuma lililooshwa vizuri, lisiwe limewahi kubeba mafuta wala kemikali, lenye matundu chini, juu ya karai pana la maji, pembezoni pamezibwa kwa udongo mvuke usitoroke. Nguo zipangwe kwa kulegea. Furushi lililokazwa litabaki baridi katikati. Mvuke ukishaanza kutoka juu kwa nguvu, hesabu saa moja. Mifuniko na pipa vishikwe kwa vitambaa vizito, na uso uwe mbali wakati wa kufunua.

Chandarua kisiguswe na lolote kati ya hayo. Maji ya moto huharibu dawa yake, jua kali pia, na vingine vimefumwa kwa uzi wa plastiki unaoyeyuka. Malaria inaua na kunguni haui, kwa hiyo hakuna sababu ya kukitupa chandarua wala kukichemsha. Kikague pindo lote kwa vidole na tochi, hasa zile kona za kufungia kamba, uwatoe unaowaona. Kifue kwa sabuni ya kawaida na maji baridi, kikauke kivulini. Aliye na friza anaweza kukifunga ndani ya nailoni na kukigandisha kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 4. Asiye nayo atarudia ukaguzi pale mayai yatakapoanguliwa.

Moto usioingia chumbani

Nchi zenye kampuni kubwa za kazi hii hupasha chumba kizima. Huleta mitambo na feni, hupandisha hewa mpaka karibu nyuzi 60, huweka vihisio nyuma ya kabati na chini ya godoro, kisha husubiri saa nyingi mpaka kihisio cha mahali baridi kuliko pote kisome joto la kuua. Kwanza hutoa kila kinachoweza kulipuka au kuyeyuka. Kwetu orodha hiyo ingeanza na mtungi wa gesi, kisha viberiti vya gesi, makopo ya sprei, betri, mishumaa na dawa za hospitali.

Watu wakisikia hayo hushawishika kuyaiga kwa jiko la mkaa. Nawasihi wasifanye hivyo. Chumba cha kupanga chenye tundu za hewa ukutani na nafasi kati ya ukuta na bati hakifungiki, kwa hiyo joto linatoroka kabla halijapenya kwenye mbao. Wakati huohuo mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayomwua mtu akiwa amelala, hata wa chumba cha pili. Hita ya umeme ya kawaida nayo haina ubavu. Soketi moja ya nyumbani hutoa kama kilowati 3 tu, na hita iliyoachwa peke yake katikati ya nguo ni moto wa nyumba. Na kwa kuwa nimetaja vifo, vidonge vya kuhifadhia nafaka ghalani havina nafasi chumbani kabisa. Gesi yake huua watu.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walitoa njia ya kati ambayo mimi naiona ina busara kwa nchi zetu. Badala ya kupasha chumba, walikizungushia kitanda na vyombo vyake mbao nyepesi za povu jeupe, zile zinazotengenezewa maboksi ya samaki, wakapasha kile kisanduku peke yake kwa hita ndogo na feni. Vifaa vyote viligharimu chini ya dola 400. Katika vipimo vyao kunguni walikufa ndani ya dakika moja walipofikishwa nyuzi 49. Kikundi cha wapangaji, gesti au shule inaweza kujenga kisanduku kama hicho kwa kumtumia fundi umeme anayejua kazi yake, na mtu akakaa macho hapo muda wote hita inapowaka. Kwa nyumba moja, birika na pasi vinatosha, mradi mwenye nyumba ana subira.

Subira hiyo haina maana ikiwa chumba kimoja kinafanya kazi na vitano vinaangalia. Nyumba nyingi za mijini ni ukumbi mmoja wenye milango pande mbili, kuta hazifiki juu, na dari ni moja. Ukiwasha joto kwako pekee, baadhi yao watapita juu ya ukuta. Lazima siku iwe moja, na ili siku iwe moja lazima mtu aanze kusema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Kwangu wameingia kunguni. Nataka Jumamosi tutoe vitanda vyote nje."

"Afadhali umesema wewe. Kwangu wapo tangu Ramadhani, nilikuwa naona haya."

Mazungumzo ya namna hiyo huchukua dakika mbili, na pasipo hayo hakuna kitu kinachofanikiwa. Mwenye nyumba naye ahusishwe, maana kuta ni zake.

Joto lina udhaifu mmoja mkubwa: haliachi kitu nyuma. Kitanda kikishapoa, kunguni mpya anaweza kuingia siku hiyohiyo. Kwa hiyo kitanda kirudi mbali kidogo na ukuta, shuka na chandarua visiburute sakafuni, na kila tendegu likae ndani ya kopo. Vitabu vya Ulaya husema kopo la plastiki laini linatosha kwa kuwa kunguni huteleza. Hilo ni kweli kwa Cimex lectularius. Cimex hemipterus, huyu wa kwetu, miguu yake hushika vizuri zaidi na hupanda plastiki laini, kwa hiyo kopo liwe na maji ya sabuni ndani. Maji yabadilishwe kila wiki bila kukosa. Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa ya dengue mwaka 2014 na 2019, na mbu wa dengue hutaga kwenye makopo ya maji yaliyosahaulika ndani ya nyumba.

Kisha rudia. Hata aliyefanya kwa makini huacha tundu moja, na yai lililobaki litaanguliwa ndani ya siku 10. Kati ya siku ya 10 na ya 14 fungua kitanda tena, mimina tena, piga pasi mishono tena, kabla wale wachanga hawajafikia umri wa kutaga. Tandika shuka nyeupe miezi miwili, uikague kila asubuhi kama ina tone la damu au doa jeusi. Yakionekana, tafuta maungio uliyoyaruka. Mara nyingi hayako kitandani. Yako kwenye fremu ya mlango, nyuma ya kifuniko cha swichi, au kwenye ufa wa plasta usawa wa mchago, ambako maji hayapaswi kufika kwa sababu ya umeme, na mvuke haupenyi. Swichi izimwe kwenye meni na fundi aifungue aikague. Ufa uzibwe kwa saruji, na wa fremu kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na unga wa msumeno, kabla kitanda hakijasogezwa hapo.